Namna ya Kujua Kama Magazini ya Silaha Imo Ndani ya Kikomo cha Sheria

Magazini ni kisanduku kinachobeba risasi na kuzilisha kwenye silaha, na mmiliki wa silaha anayeuliza tu kwamba kikomo chake ni risasi ngapi huwa ameuliza robo ya swali. Namba yenyewe, iwe 5, 10, 15 au 17, haimsaidii mpaka ajue inakataza tendo gani, inawahusu waliopata magazini lini, imewekwa kwa silaha ya aina gani, na inahesabu nini. Majibu ya maswali hayo manne hupatikana kwa kusoma kifungu chenyewe cha sheria, wala si kwa kutazama jedwali la namba, na ni vyema yatafutwe kabla ya kununua, kuuza, kurithi au kusafiri na magazini yoyote.

Anza na vitenzi. Chukua karatasi, fungua kifungu kinachotaja magazini, kisha andika kila tendo lililokatazwa: kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza, kununua, kupokea, kuhamisha, kumiliki. Orodha hiyo hutofautiana kuliko watu wengi wanavyodhani, na Marekani ni mfano mzuri kwa sababu kila jimbo lina sheria yake. Maryland na Washington yote yana kikomo cha risasi 10, lakini katazo la Maryland linahusu kutengeneza, kuuza, kununua, kupokea na kuhamisha, na la Washington, lililoanza tarehe 1 Julai 2022, linahusu kutengeneza, kuingiza, kusambaza na kuuza. Kumiliki tu hakumo. New Jersey, kwa upande wake, ilikuwa na kikomo cha risasi 15, ikakishusha hadi 10 mwaka 2018 na kuwapa wenye magazini kubwa siku 180 za kuzibadilisha, kuzisalimisha au kuziondoa mikononi mwao. Watu wawili wenye magazini ileile ya risasi 15 wanaweza basi kuwa mmoja hana kosa na mwingine ana kesi, na kinachowatenganisha ni neno "kumiliki".

Baada ya vitenzi tafuta tarehe. Sheria ya shirikisho ya Marekani iliyosainiwa tarehe 13 Septemba 1994 ilizuia magazini za zaidi ya risasi 10, ila haikuzigusa zilizokuwa zimetengenezwa kabla ya siku hiyo, nayo ilikufa yenyewe baada ya miaka 10 kamili, mwaka 2004, bila kuhuishwa. Tangu hapo hakuna kikomo cha kitaifa. Colorado iliweka kikomo cha risasi 15 kuanzia tarehe 1 Julai 2013, ikamruhusu aliyekuwa na magazini kubwa siku hiyo kubaki nayo, mradi aendelee kuimiliki mfululizo. Hapo stakabadhi ya zamani iliyofifia ina thamani kuliko magazini yenyewe, kwa hiyo itafute na uitolee nakala. Mahakama nazo hubadilisha tarehe. Mwishoni mwa Machi 2019 jaji mmoja wa shirikisho alilitengua katazo la California la magazini kubwa, watu wakanunua kwa takriban wiki moja, kisha uamuzi huo ukasitishwa tarehe 5 Aprili. Mwaka 2025 jopo pana la mahakama ya rufaa likaliunga mkono katazo hilo. Kwa sababu hiyo, unaposoma maandishi ya sheria, soma pia hali ya kesi zake, na uandike tarehe uliyoyasoma.

Swali la tatu ni la aina ya silaha. Vermont tangu 2018, na Illinois tangu 2023, hutenganisha bunduki ndefu, ambazo kikomo chake ni 10, na bastola, ambazo kikomo chake ni 15. Kanada huweka 5 kwa magazini za bunduki ndefu zinazojijaza zenyewe na kutumia risasi zinazogongwa katikati ya kitako, na 10 kwa bastola, huku bunduki nyingi za risasi ndogo zinazogongwa ukingoni, kama zile za kaliba .22, zikiachwa huru. Uingereza, bunduki ya marisawa inayomilikiwa kwa cheti cha kawaida cha bunduki hizo haina budi kuwa na magazini isiyochomoka na isiyoweza kubeba zaidi ya risasi 2. Ikizidi hapo, huhitaji cheti cha silaha kilicho kigumu zaidi kupatikana. New Zealand, baada ya mauaji ya Christchurch ya Machi 2019, ilipiga marufuku magazini za zaidi ya risasi 10, na zaidi ya 5 kwa bunduki za marisawa. Usidhani kwamba aina huamuliwa na silaha uliyoipachikia magazini leo: Hawaii hukataza magazini inayochomoka ya zaidi ya risasi 10 iliyoundwa kwa ajili ya bastola au inayoweza kutumika kwenye bastola, hata kama wewe huitumia kwenye bunduki ndefu peke yake.

Sasa hesabu, na hapa ndipo watu wengi huteleza. "Zaidi ya 10" na "10 au zaidi" ni vikomo viwili tofauti. Katika cha kwanza magazini ya 10 ni halali, katika cha pili ni kosa. Angalia kisha kama risasi iliyo ndani ya chemba, yaani ile iliyokwisha kuingia kwenye mtutu tayari kufyatuliwa, inahesabiwa. Sheria nyingi za magazini haziihesabu, lakini za uwindaji huihesabu mara kwa mara: kwa ndege wahamaji nchini Marekani, bunduki ya marisawa kwa kawaida hairuhusiwi kubeba zaidi ya risasi 3 kwa jumla, chemba ikiwemo, na kizibo kinachopunguza nafasi lazima kiwe cha kipande kimoja kisichotoka bila kuifungua bunduki. Agizo la Umoja wa Ulaya hutaja namba zote mbili pamoja: bastola inayojijaza isiyozidi risasi 21 na magazini isiyozidi 20, bunduki ndefu isiyozidi 11 na magazini isiyozidi 10. Ile moja ya ziada ndiyo ya chemba.

Jambo jingine ni kwamba sheria hupima uwezo wa magazini, wala si idadi uliyoijaza. New York ilijaribu mwaka 2013 kuruhusu magazini ya 10 lakini ijazwe risasi 7 tu, na mahakama ya shirikisho ikakifuta kifungu hicho mwaka huohuo. Magazini ya 15 iliyojazwa 9 bado ni magazini ya 15. Kuipima, iondoe kwenye silaha, hakikisha chemba ni tupu, ondoa risasi zote za kweli chumbani, kisha ingiza risasi za mazoezi zisizo na baruti moja baada ya nyingine. Usitegemee vitundu vyenye namba vilivyo nyuma ya magazini, kwa sababu kifuniko kirefu cha chini huongeza risasi kadhaa bila namba hizo kubadilika. Kikomo kikiwa 10 na risasi ya 11 ikiingia, hata kwa kusukumwa kwa nguvu ya kidole gumba, ihesabu, maana mpimaji wa serikali naye ana kidole gumba.

Magazini ikizidi, huenda sheria ikaruhusu kuipunguza, na neno la kutafuta ni "kwa kudumu". Kipande cha mbao kilichowekwa chini ya springi, ambacho hutoka kwa kutelezesha kifuniko, mara nyingi hakitoshi. Kanada huelekeza kizuizi kifungwe kwa kulehemu au kwa gundi ya kudumu, kutegemea magazini ni ya chuma au ya plastiki. Mpe fundi mwenye leseni kazi hiyo na umwombe hati inayoeleza alichofanya.

Kwa msafiri, sheria ya Marekani ya 1986 inayomlinda anayepita na silaha katika jimbo linaloikataza hutaja silaha na risasi, magazini haitajwi. Njia salama ni kuziacha nyumbani zile zinazozidi kikomo cha jimbo lolote utakalopita, si la unakokwenda peke yake. Katika Umoja wa Ulaya, kagua pia droo: asiye na idhini maalumu akikutwa na magazini inayozidi 20 kwa bastola au 10 kwa bunduki ndefu, inayoweza kupachikwa kwenye silaha inayojijaza, kibali cha silaha yake hupaswa kufutwa, hata kama magazini hiyo imelala chini ya soksi na haijawahi kuguswa kwa miaka.