Ukitaka kuwa ticha wa hesabu na umekulia mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, pita hivi

Vijana wa huku kwetu upande wa Sengerema wananiuliza sana, ticha ulifikaje huko, hesabu si za watoto wa mjini? Basi ntaandika nilivyopita mimi, na pale nilipopotea bure ntakwambia ukwepe.

Kwanza usisubiri uitwe mwalimu ndo uanze kufundisha. Uko la sita? Mfundishe wa la nne. Hamna mtoto karibu? Mfundishe bibi. Mi nilianza na bibi. Alikuwa anachukua dagaa kwa ndoo ya lita 20 anaenda kupima kwa sado gulioni, na ndoo hiyo ukipima sawasawa inatoa sado 5 za lita 4. Tuseme ndoo kanunua 30,000 na sado anauza 7,000, hapo inarudi 35,000, faida buku tano. Sasa bibi ana huruma bana, kila sado anaweka kichuguu juu, mteja akilalamika anaongeza tena, mwisho wa siku ndoo inatoa sado nne na nusu, yaani 31,500. Faida buku jero, na nauli hujatoa. Nikachukua kijiti nikamchorea mchangani mistari mitano, ule wa mwisho nikaufuta nusu. Akauangalia weee, akasema "kwa hiyo vichuguu vyote vile ndo nusu sado?" Siku ile ndo nilielewa hesabu za sehemu, sio darasani, maana ukimwelewesha mwenzio unakwama palepale ambapo na wewe hupajui. Kichuguu hakuacha lakini, alisema akiacha wateja watahamia kwa mama wa pembeni, na hiyo nayo ni hesabu.

Pili, ratiba yako ya kusoma ipange kwa mwezi, na nasema mwezi wa angani. Aliyekulia mwaloni anajua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo giza likiingia alfajiri uko mchangani unaanika, shule unafika na magamba mikononi, jioni unasinzia juu ya daftari. Usijidanganye kwamba siku hizo utasoma sana, fanya maswali matatu tu ulale. Ila mbalamwezi ikija mitumbwi ya dagaa inapumzika, hizo siku ndo zako, komaa nazo. Mi nilikuwa najilaumu kila wiki kwamba ni mvivu mpaka nikagundua naanguka zile wiki za giza tu.

Tatu, na hapa ndo wengi tunafia, kidato cha kwanza. Mtihani wangu wa kwanza nilipata F, mimi niliyekuwa natamba na KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika) darasa la saba! Swali lilisema "find the product", nikajumlisha. Kuzidisha nilikuwa najua toka la tatu, neno ndo sikulijua. Kwa hiyo mdogo wangu tatizo mara nyingi sio hesabu, ni lugha, miaka saba umesoma kwa Kiswahili ghafla kila kitu Kiingereza. Tafuta kaunta buku, pigia mstari katikati ya kila ukurasa, kushoto andika namba tasa, kigawe, mzingo, kipeo cha pili, kulia andika neno lake la Kiingereza, na chini yake swali moja ulilolifanya mwenyewe. Langu lilijaa kabla ya kidato cha pili kuisha, baadae nikawa nawaazima fomu wani kwa masharti kwamba kila anayeazima anifanyie swali moja mbele yangu kwa sauti. Ndo twisheni yangu ya kwanza hiyo, sikulipwa kitu.

Hesabu ni somo ambalo mitihani ya kidato cha nne linaangusha watu nchi nzima kila mwaka, kwa hiyo usione aibu ukianguka, ona aibu ukiliacha. Ukifaulu chagua kombi (masomo matatu ya kidato cha tano na sita) yenye hesabu, PCM (fizikia, kemia, hesabu), PGM (fizikia, jiografia, hesabu) au EGM (uchumi, jiografia, hesabu), usichague kwa sifa za jina. Mi nilienda PCM kwa sababu watu walikuwa wanaiogopa, fizikia ikanitoa jasho miaka miwili nzima, leo ningeenda EGM nikalala vizuri.

Kuhusu chuo sina maneno mengi. Kuna diploma ya ualimu, na hapa Mwanza Butimba ni chuo cha ualimu cha siku nyingi, na kuna digrii, DUCE kule Dar na Mkwawa kule Iringa vyote ni vyuo vishiriki vya UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nachotaka ushike ni cheti cha kuzaliwa. Wengi wetu tumezaliwa nyumbani, cheti hamna, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu unataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Kitafute ukiwa bado sekondari, na jina liandikwe lilelile lililoko kwenye cheti cha mtihani, herufi kwa herufi. Mi langu lilizidi herufi moja, nilizungushwa ofisini mpaka nauli ya kurudi nikakopa kwa muuza vitumbua.

Ukifika mafunzo kwa vitendo utakuta darasa limejaa mpaka dirishani. Usianze na mfano wa kitabu. Waulize daraja la Kigongo na Busisi lina kilomita 3, gari inatembea 60 kwa saa, itavuka dakika ngapi? Alafu nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo, usijibu mwenyewe. Mi siku ya kwanza nilijibu maswali yangu yote dakika arobaini, mkaguzi akaniandikia kwamba mwalimu ameelewa somo.

Baada ya hapo ajira haiji kesho, siku hizi mpaka walimu wanaitwa usaili, unajaza maombi kwenye Ajira Portal, mtandao wa ajira za serikali, unakaa. Usikae nyumbani lakini, kajitolee shule ya kata iliyo karibu, mi nilikuwa nalipwa kwa michango ya wazazi, mwezi mwingine hela, mwezi mwingine sangara mmoja mzima.

Siku ukipangiwa kituo beba godoro, chandarua, na rula ya ubao, maana shule nyingi rula hamna na mistari ya mkono inachekesha watoto. Yangu alinichongea fundi mitumbwi kwa kipande kilichobaki cha ubao, alama za sentimita nilichora mwenyewe. Inanukia lami kidogo mpaka leo.