Kutoka nje na mtoto mdogo hapa Dar: panga kwa jua, maji na mvua

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu hahitaji kupelekwa mbali. Anahitaji kutolewa kwa saa inayofaa, afike penye vitu vya kushika, na awe na mtu mzima asiye na haraka. Wazazi wengi hapa Dar es Salaam wanaanza na swali la "Jumapili twende wapi?", wanafika huko saa sita jua likiwaka, mtoto analia, na wiki inayofuata kila mtu anabaki sebuleni na televisheni. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka miwili na ninafundisha chekechea, na njia ninayowaelekeza wazazi wenzangu ni ya kuanzia upande wa pili: tazama majira, kisha saa, na mahali pawe jambo la mwisho. Ukipanga hivyo, hakuna mwezi hata mmoja wa mwaka ambao mtoto atalazimika kukaa ndani.

Hatua ya 1: Chagua saa kabla ya mahali

Tuko kusini kidogo tu mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Huna haja ya kifaa chochote kujua kama ni kali. Msimamishe mtoto, tazama kivuli chake. Kikiwa kirefu kuliko yeye, endeleeni. Kikiwa kifupi kuliko yeye, ingieni chini ya mti au mrudi nyumbani. Watoto wenyewe wanaupenda mchezo huu, na baada ya muda utamwona anageuka kutafuta kivuli chake bila kuambiwa.

Kwa hiyo mna nafasi mbili kwa siku: kuanzia alfajiri inapokucha hadi saa tatu hivi, na kuanzia saa kumi alasiri hadi karibu na magharibi. Kumbuka kwamba Juni jua linazama kwenye saa kumi na mbili na robo, wakati Februari linachelewa hadi karibu saa moja kasorobo, kwa hiyo matembezi ya jioni yanafupika na kurefuka kidogo.

Giza likianza muwe mmeshaingia, kwa sababu mbu wa malaria anauma zaidi usiku. Lakini usimsahau mbu wa homa ya denge, huyu anauma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama. Jiji hili lilipata milipuko ya denge mwaka 2014 na 2019. Suruali nyepesi na mikono mirefu ya pamba inasaidia, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu muulize mfamasia ipi inafaa kwa umri wa mwanao.

Muda? Saa moja inatosha. Ondokeni mtoto akiwa bado anafurahi. Ukisubiri achoke, kumbukumbu atakayobaki nayo ni kilio cha njiani.

Hatua ya 2: Funga mkoba mwepesi

Kanga mbili, yaani doti nzima, ndizo vifaa vikuu. Moja ni mbeleko atakapogoma kutembea, na atagoma. Ya pili ni mkeka, kivuli ukiifunga kati ya matawi mawili, taulo, na pazia la kubadilishia nepi. Ongeza maji ya kunywa, nguo moja ya kubadili, nepi, kofia yenye ukingo mpana, na yeboyebo za kufunga kisigino ili zisibaki kwenye matope. Viatu ni muhimu hata kwenye mchanga, maana minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu, na pale mbwa wanapozurura mchanga si salama kwa miguu mitupu.

Chakula: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati iliyokatwa. Ubuyu wa rangi, karanga na bisi waachie wakubwa. Mtoto wa umri huu anapaliwa kirahisi, tena akiwa anakimbia na kitu mdomoni.

Midoli acha nyumbani. Chukua kopo moja tupu au kikombe cha plastiki. Kopo linachota mchanga, linabeba mawe, linapigwa kama ngoma, na likipotea hakuna anayelia.

Hatua ya 3: Mpe uongozi

Hapa ndipo wazazi wengi wanapata taabu, kwa sababu tunataka kufika. Mtoto hataki kufika popote. Wewe weka mipaka mitatu tu: barabara, maji, na chochote kinachoingia mdomoni. Ndani ya mipaka hiyo yeye ndiye anayeamua wapi tusimame na kwa muda gani.

Mfano mzuri ni kifauongo, kile kijimmea cha miiba midogo na maua ya zambarau kinachoota kando ya njia na kwenye viwanja vyenye nyasi. Chuchumaa naye. Usiseme kitu. Gusa jani moja kwa ncha ya kidole, vijani vijifunge kimoja baada ya kingine mpaka kijiti kizima kilale. Kisha ngoja. Atagusa yeye, kwa woga kwanza, halafu kwa kiganja chote, na hapo mwonyeshe miiba ilipo. Majani yakishalala yote, watu wazima huondoka. Nyinyi bakini. Baada ya dakika kadhaa majani yanaanza kufunguka tena, polepole sana, na mtoto wa miaka miwili anaweza kuyasubiri kwa utulivu ambao hukuwahi kuuona mezani wakati wa chakula.

Taja majina, inatosha. "Kifauongo. Kimelala. Kimeamka." Usimgeuzie matembezi kuwa mtihani wa rangi na namba, shule itakuja kwa wakati wake.

Hatua ya 4: Fuata majira

*Kaskazi (Desemba hadi mwanzoni mwa Machi).* Joto na unyevu ni vya juu, mchana nyuzi 32 si ajabu. Hii ni miezi ya asubuhi na mapema na ya maji. Beseni uani chini ya mwembe ni matembezi kamili, mradi usiondoke hata kwenda kuipokea simu: mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja, tena kimyakimya. Ukishamaliza, mwaga beseni ili mbu wasizaliane humo.

*Masika (katikati ya Machi hadi Mei).* Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa mjini, na watu hufungia watoto ndani. Msifanye hivyo. Mvua ikikatika, tokeni. Konokono wakubwa wanapanda kuta, vyura wanaita, na jongoo wamejaa njiani. Jongoo ni mwalimu mpole: ukimgusa anajikunja, ukimwacha anajikunjua na kuendelea na safari. Majimaji yake huwasha macho, kwa hiyo mkishamwangalia mnanawa mikono. Mfundishe mapema tofauti yake na tandu, aliye bapa, mwenye miguu inayoonekana pembeni na mwendo wa kasi. Huyo anauma na haguswi.

Kuruka madimbwi ruhusu kwenye uwanja wenu mnaoujua tu. Maji ya mafuriko mtaani yana vyoo vilivyofurika ndani yake, na mifuniko ya mitaro huwa haionekani. Ukiwa bonde la Msimbazi au Jangwani, siku za mvua kubwa ni za kubaki mahali pa juu, bila mjadala. Masika pia ni wakati wa kufukia punje za kunde kwenye kopo la udongo na kulipeleka nje kila asubuhi. Kunde huota haraka, na mtoto anahitaji kitu cha haraka.

*Kusi (Juni hadi Septemba).* Hii ndiyo miezi ya safari. Kumekauka, asubuhi kuna ubaridi, na upepo unapoza hata mchana. Bustani ya Mimea karibu na Makumbusho ya Taifa ina miti mikubwa na nafasi ya kukimbia katikati ya mji. Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ambazo mtoto anaweza kuchungulia ndani. Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina vilima, kivuli na tumbili, na tumbili hawapewi chakula wala hawaonyeshwi ndizi. Kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni kwa mtoto mdogo ni safari nzima: vukeni, kuleni muhogo upande wa pili, rudini, ila si saa za watu kwenda au kutoka kazini. Msitu wa Pugu ni mzuri kwa anayebebeka mgongoni. Huko chunga maganda ya upupu yakishakauka, upepo ukiyapeperusha mwili mzima utawasha.

Likizo ya Juni watoto wakubwa wa mtaani wanarusha tiara. Mkalishe wa kwako awatazame. Ukimtengenezea ya karatasi na uzi mfupi akimbie nayo, asiuzungushe uzi shingoni.

*Vuli (Oktoba hadi Desemba).* Mvua ni za kuonjaonja. Mikrismasi inawaka maua mekundu na kumwaga petali chini, maembe yanaanza kuanguka, na baada ya mvua za kwanza kumbikumbi wanatoka ardhini kwa makundi. Watoto wa chekechea wananisubirisha hapo asubuhi nzima kuokota mabawa yaliyobaki, na mimi nawaacha.

Hatua ya 5: Ukienda pwani, soma maji kwanza

Ufukwe wa Coco, Mbezi, Kunduchi, Kigamboni, popote ulipo karibu napo, bahari inabadilika kabisa kati ya maji kujaa na maji kupwa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti ya kina inazidi mita tatu. Siku hizo maji yanafika mwisho wa kupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa mtoto mdogo saa nne jua limeshakuwa kali. Kwa hiyo mimi huchagua siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, maji yanapokupwa karibu saa mbili na nusu au saa tatu. Unaangalia mwezi usiku, unahesabu, basi. Ukiwa na shaka, muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kuangalia simu.

Fika maji yakiwa bado yanatoka, uyafuate taratibu. Yakigeuka kuanza kujaa, geukeni nayo mrudi mchangani. Kanuni hii moja inakulinda zaidi ya boya lolote. Na hata kwenye maji ya kifundo cha mguu, mtoto awe mahali unapomfikia kwa kunyoosha mkono.

Kwenye vidimbwi vinavyobaki katikati ya mawe chuchumaeni na mkae kimya. Mwanzoni hamtaona kitu. Kisha gamba la konokono linaanza kutembea, kumbe ndani yake kuna kaa mdogo aliyehamia. Samaki wa urefu wa ukucha wanatoka chini ya mwani. Pengine kuna kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, au jongoo bahari amelala tu. Mwanangu hukaa pale na kopo lake, anachota, anachungulia, anarudisha. Kurudisha ni sharti: kila kilicho hai kinarudi palepale kilipotolewa.

Konokono wa baharini wenye umbo la pia, hata wawe na mapambo mazuri kiasi gani, usiwaguse wala usimpe mtoto wakiwa hai, maana baadhi yao wana sumu kali. Nungu bahari, wale wa duara wenye miiba mirefu mieusi, waangalieni kwa mbali, na yeboyebo zisivuliwe. Konyeza, yule mnyama laini kama jeli, akiwa amelala mchangani bado anawasha hata akiwa amekufa.

Kipindi cha kusi bahari inachafuka na upepo unarusha mchanga machoni. Siku hizo chezeni juu ufukweni, mkitazama kaa weupe wakiingia na kutoka mashimoni, na maji muyaache.

Hatua ya 6: Kurudi

Toa taarifa mapema kwa kitu anachokiona: "Tukishajaza kopo mara moja, tunaondoka." Kisha ondokeni kweli. Akilia, mfunge mbeleko na utembee, kwa kawaida analala kabla ya kituo cha daladala.

Nyumbani muogeshe, kagua nyuma ya masikio, kati ya vidole na kwenye mikunjo ya mapaja kama kuna vipele, miiba au kupe. Mpe maji kabla ya chakula. Akipata homa siku zinazofuata, mpeleke kituo cha afya akapimwe, usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Na nguo zilizolowa maji ya chumvi zisuuze leo hii, kwa sababu kesho asubuhi atasimama mlangoni ameshika yeboyebo zake.