Trela la Kulala Likaguliwe Kabla Halijafunikwa

Trela la kulala, au karavani kama wengine wanavyoliita, huanza kuharibika mahali usipopaona: ndani ya bomba lisilopakwa rangi, chini ya plaiwudi ya sakafu, nyuma ya ukanda wa alumini unaoficha kiungo cha paa na ukuta. Siku ya kukabidhiwa utaona rangi inang'aa na godoro jipya, na vyote viwili havikuambii lolote kuhusu kazi iliyofanyika. Kwa hiyo anayechongesha trela Mbeya, Iringa au Mafinga akubaliane na fundi mapema kwamba kazi itasimama mara nne ili ikaguliwe: chasisi kabla ya rangi, fremu kabla ya bati, gamba la nje kabla ya ubao wa ndani, na mwisho trela likiwa barabarani. Malipo nayo yafuate awamu hizo hizo. Fundi anayejiamini hatakwazika. Atafurahi kupata mteja anayejua anachokilipia.

Vipimo vya hapa ni vya trela la watu wawili: boksi la urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 1.9, ekseli moja, uzito usiozidi kilo 1,100 likiwa limepakiwa kila kitu. Linavutwa na pikapu.

Chasisi ikiwa bado chuma kitupu

Mihimili miwili mirefu iwe bomba la mstatili la milimita 100 kwa 50, unene milimita 3. Unene ndipo watu wanapopunjwa, kwa sababu bomba jembamba lina umbo lile lile dukani. Ukiwa na venia, kile kifaa cha kupimia unene, pima ncha iliyokatwa. Usipokuwa nayo, weka bomba zima la mita 6 kwenye mzani. La milimita 3 lina karibu kilo 40. Likija kilo 27, hilo ni la milimita 2, halifai.

Mihimili ya kukatisha iwe 7, ya bomba la 50 kwa 50, kila sentimita 60. Mkono wa V wa kuvutia usiishie kwenye mhimili wa mbele. Upite chini yake na urudi nyuma hadi kwenye kishikio cha kwanza cha springi, ufungwe kote kuwili. Mkono ulioshikwa kwa mshono mmoja tu mbele hukatika pale pale, na hukatika kwenye barabara ya mawimbi, si kwenye lami.

Kabla fundi hajachomelea moja kwa moja, akiwa amepiga taki tu, yaani vidoa vichache vya kushikiza, chukua futikamba upime kona kwa kona, kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto. Tofauti ikizidi milimita 3, chasisi imekaa upande na inyooshwe sasa hivi, kwa nyundo na kamba, maana baadaye haitawezekana. Halafu pima kutoka katikati ya kichwa cha kuvutia hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo hivyo viwili navyo visipishane zaidi ya milimita 3. Trela ambalo ekseli yake imekaa mshazari hutembea ubavu na kula tairi upande mmoja ndani ya safari chache, na fundi wa tairi atalaumiwa bure.

Ekseli haikai katikati ya boksi. Kwa boksi la mita 3.6 iweke kama mita 2.1 kutoka mbele, ili uzito mkubwa zaidi ubaki mbele yake. Trela lenye mkia mzito huanza kutikisa gari kushoto na kulia kwenye mteremko, na dereva akikanyaga breki ya gari kwa nguvu hali huwa mbaya zaidi. Kosa hili huanzia karakana, ingawa watu hulikuta kwenye mteremko wa Kitonga.

Mishono ikaguliwe kwa jicho na kwa nyundo ndogo. Gonga ukoko wote utoke. Mshono mzuri una mawimbi yaliyolingana na umeshika vyuma vyote viwili. Mbaya una vitundu kama sponji, au mfereji pembeni mwake ambao umeila chuma. Mfereji huo ndipo ufa unapoanzia. Mhimili mrefu usichomelewe mshono wa kukatisha upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko unakovutika zaidi. Vishikio vishikwe kwa mishono inayofuata urefu wa mhimili. Kama chuma kina zinki, fundi aisage kwanza kwa grainda, la sivyo mshono utakuwa na matundu na moshi wake utamdhuru kifua. Na waya wa athi wa mashine ubanwe karibu na anapochomelea. Ukibanwa upande wa pili wa habu, yaani kitovu cha tairi kinachobeba beringi, umeme hupita kwenye beringi na kuzitoboa vidoa vidogo, kisha miezi miwili baadaye zinaanza kulia bila mtu kujua sababu.

Rangi ni tabaka mbili za red oksaidi, ile ya chini ya kuzuia kutu, na mbili za rangi ya juu, baada ya kusafisha kutu na mafuta. Bomba lenye ncha wazi hujaza tope na maji kutoka tairini. Lizibwe kabisa ncha zote kwa kuchomelewa, au kama lina tundu lolote, litobolewe shimo la milimita 8 sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke. Kuziba nusu nusu ni kujenga tangi la kutu.

Mbao na plaiwudi

Ukanda huu una bahati ya mbao. Msitu wa Sao Hill uko Mufindi, na paini na plaiwudi za Mafinga zinapatikana kwa bei ambayo sehemu nyingine za nchi hawaipati. Tatizo ni haraka. Mbao iliyopasuliwa juzi ina maji mengi kuliko inavyoonekana. Ikifungwa ukutani hukauka, husinyaa, na skrubu hubaki zinacheza kwenye matundu mapana. Kipimo hakihitaji mashine. Kata kipande katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukipime. Tuseme ni gramu 200. Kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka. Kikibaki gramu 174, toa 174 kwenye 200, ugawe kwa 174: maji ni asilimia 15. Hapo ndipo mpaka. Zaidi ya hapo, panga mbao kivulini zikitenganishwa na vijiti, usubiri.

Plaiwudi ya sakafu iwe ya milimita 15 au 18, na kinachoangaliwa ni gundi kuliko sura ya juu. Kata kipande cha sentimita 5 kwa 5, kichemshe saa 4, kikaushe usiku mzima mahali pa joto, kichemshe tena saa 4. Tabaka zikiachana, hiyo ni plaiwudi ya kabati la ndani. Iliyostahimili ndiyo inayofaa, na hata hiyo ipakwe vanishi au rangi upande wa chini, na zaidi kwenye kingo zilizokatwa, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa kingo.

Jambo moja husahaulika: mbao zilizotiwa dawa ya shaba, zile za rangi ya kijani, hula alumini zikiwa na unyevu. Ukitumia mbao hizo kwenye fremu yenye gamba la alumini, weka utepe wa mpira katikati. Chuma na alumini vikigusana moja kwa moja navyo vitalana vivyo hivyo.

Maji

Hapa usikimbie. Matrela mengi hufa kwa maji kuliko kwa ajali, na hufa polepole. Hata yale ya Kimarekani ya zamani yenye gamba la alumini lisiloshika kutu, ukiyafunua sakafu mara nyingi utakuta plaiwudi imeoza. Tukuyu na Rungwe nzima mvua haipigi hodi. Na trela linapokimbia, upepo husukuma maji kuingia kwenye upenyo ambao mvua ya wima isingeufikia.

Paa liwe na mgongo: katikati pawe juu kuliko pembeni kwa milimita 20 hadi 30. Paa bapa hubonyea kati ya mihimili, na dimbwi dogo linalolala hapo wiki nzima litapata njia. Inapowezekana bati la paa liwe moja bila kiungo. Kama lazima kiwepo, kikatishe upana wa trela, bati la mbele lilalie la nyuma kwa sentimita 5 au zaidi, ili upepo wa safari usiingie mdomoni.

Kiungo chochote cha nje kina tabaka mbili za kuzuia maji. Ya kwanza iko ndani: utepe laini wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonata kama ubani, unalazwa kati ya bati na ukanda, kisha skrubu zinaubana mpaka utokeze kidogo pembeni. Ya pili iko juu yake: gundi ya polyurethani inayobaki kama mpira. Fundi wengi huruka ya kwanza na kupaka silikoni kwa nje tu. Silikoni inang'aa siku ya kwanza, lakini trela hupindapinda njiani na ukingo wake huachia. Ikishaachia, silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, na rangi haishiki kabisa. Ukikuta silikoni imekwisha kupakwa, ikwanguliwe yote.

Ribiti za nje ziwe zile zilizozibwa ncha, kila moja ikitiwa tone la gundi kabla ya kuvutwa, na zipangwe kila sentimita 5 hadi 7. Ribiti za kawaida zina tundu katikati. Kila moja ni kabomba kadogo ka kuingizia maji. Juu ya dirisha na mlango weka kifereji cha alumini cha kukingia maji, kipite upana wa dirisha kwa sentimita 5 kila upande.

Jaribio lifanyike kabla ubao wa ndani haujafungwa. Mtu mmoja awe ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Anzeni chini na kupanda, dakika 10 kila kiungo. Mkianzia juu, maji yatatiririka kote na hamtajua yalipoingilia. Lipo jaribio kali zaidi: ziba matundu ya hewa, elekeza blowa ipulize hewa ndani kupitia dirishani huku pembeni pamezibwa kwa nailoni, kisha paka povu la sabuni kwenye viungo vya nje. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Povu huonyesha vitundu ambavyo maji ya mpira huviruka.

Baridi, gesi na hewa

Usiku wa Juni au Julai Kitulo maji huganda. Ndani ya trela pumzi za watu wawili hugeuka matone, na matone hutafuta chuma baridi. Fremu ya chuma ikigusana na ubao wa ndani, utaona mistari ya unyevu ukutani ikifuata kila bomba. Weka vipande vya mbao au utepe wa sponji kati yake, na stairofomu ya milimita 25 au 30 ijaze nafasi zote bila mapengo.

Matundu ya hewa yawe ya kudumu, moja chini na moja juu, yasiyo na kifuniko cha kufungwa, hata kama baridi inaudhi. Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata kwa dakika tano za kupasha joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Mtungi wa gesi ukae kwenye kisanduku kinachofunguka kwa nje tu, chenye tundu sakafuni, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Waya: kwa taa unatosha wa milimita 2.5 za mraba. Friji ya volti 12 inayokula ampea 10, ikiwa mita 8 kutoka kwenye betri, kwa waya huo itapoteza zaidi ya volti 1 na haitapoa vizuri. Tumia wa 6, upotevu utashuka chini ya nusu volti. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma uvishwe mpira.

Barabarani

Uzito huu unahitaji breki zake wenyewe. Barabara ya Chimala kupanda Matamba, ile ya kona Hamsini na Saba, si mahali pa kugundua kwamba gari peke yake ndilo linaloshikilia vyote viwili. Minyororo miwili ya usalama ikatishwe X chini ya kichwa cha kuvutia, ili kichwa kikichomoka kidakwe kisichimbe lami.

Beringi: kaza nati huku tairi likizungushwa mpaka lianze kuwa zito, kisha uilegeze kama robo ya mzunguko au pungufu, utie pini. Tairi za 195R14C zenye namba 106 ubavuni hubeba kilo 950 kila moja, zinatosha kwa nafasi. Soma tarakimu nne za mwisho za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka 6 usiikubali hata kama kashata zake ni mpya.

Uzito wa mkono, yaani ule unaokalia kichwa cha kuvutia, upimwe trela likiwa limepakiwa kama la safari. Mzani wa bafuni huenda usitoshe kwa kilo 110 au zaidi, kwa hiyo tumia ubao: upande mmoja ukae juu ya tofali, mwingine juu ya mzani, umbali kati yake sentimita 120. Rudisha mzani sifuri, kisha shusha kichwa cha kuvutia sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Kinachosomeka zidisha mara 4. Unatafuta asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Ukipata pungufu, sogeza mizigo mbele. Usiongeze kitu nyuma ili kulisawazisha.

Safari ya kwanza iwe fupi. Baada ya kilomita 20 simama, gusa habu kwa kiganja. Ya vuguvugu ni sawa. Usiyoweza kuishika imekazwa mno au haina grisi. Ukifika kilomita 50 hadi 100 kaza tena nati za tairi, maana rangi iliyo chini yake huwa imebonyea na kuzilegeza. Kisha nyanyua godoro, fungua makabati yote, na ukague kila kona kwa mkono kama kuna vumbi jekundu lililopenya. Vumbi linapopita, maji nayo yatapita.