Jinsi ya kukielewa kitenzi "get": maana zake na kilikotoka

Nafundisha Kiingereza watu wazima, na sijaona kitenzi kinachowachosha kama "get". Wakifungua kamusi wanakuta maana zimejaa ukurasa mzima, wanazikariri usiku, asubuhi hazipo. Acha kukariri. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Kusanya sentensi

Chukua daftari uandike sentensi nzima nzima unazokutana nazo, zenye "get" au "got". Za kuanzia ni hizi:

- "I got a letter."
- "She got angry."
- "We got home late."
- "He got arrested."
- "I got him to sign."
- "I get it."

Hatua ya 2: Tazama kinachofuata

Neno linalokuja baada ya "get" ndilo linaloamua maana. Likiwa jina la kitu, mtu kapata: nilipata barua. Likiwa kivumishi, kaingia katika hali fulani: alikasirika. Likiwa mahali, kafika: tulichelewa kufika nyumbani. Likiwa kitenzi cha kutendwa, yamemkuta: alikamatwa. Akifuata mtu, kisha "to" na kitenzi, maana yake umemsukuma mtu hadi akatenda: nilimshawishi akasaini. Ya mwisho ni kuelewa, nitairudia chini.

Tumia rangi mojamoja kwa kila aina. Baada ya ukurasa mmoja au miwili utaona sentensi nyingi zinaangukia kwenye aina chache tu.

Hatua ya 3: Rudi kwenye asili

Wengi huiruka hatua hii, nami naona ndiyo tamu kuliko zote.

Kiingereza cha kale kilikuwa na mzizi "gietan", ila kwa kawaida haukusimama peke yake. Ulibandikwa kiambishi mbele: "begietan" ni kupata, "forgietan" ni kusahau. Kisha wakaja watu wa Skandinavia. Mwaka 793 walivamia monasteri ya Lindisfarne, mwaka 865 likatua jeshi kubwa, mwaka 866 likaiteka York. Wengi hawakurudi kwao. Walibaki kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakalima na kuoa huko huko, na majina ya miji kama Grimsby na Whitby, yenye "-by" mwishoni, ni alama yao hadi leo. Walikuja na kitenzi chao "geta", kilichosimama chenyewe bila kiambishi. Lugha zao na za wenyeji zilikuwa na undugu, kwa hiyo maneno yalihama bila taabu. Kufikia mwaka 1200 hivi, "get" kimo katika maandishi ya Kiingereza.

Ushahidi mwingine uko kwenye matamshi. Katika Kiingereza cha kale, herufi "g" ya "forgietan" ilitamkwa kama "y" ya neno letu "yeye". Ile "g" nzito unayoisikia leo katika "get" na "forget" imetoka kwa hao wageni. Hata "give" ina kisa kama hicho.

Sasa tazama "geta" ilibeba maana gani huko kwao: kupata, kufikia, kuzaa, kuweza, hata kukisia. Mswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi husema amepata mtoto, sikupata kumwona, kisu hiki kinapata. Kule Iceland "geta" bado ni kuweza.

Hatua ya 4: Tafuta ndugu zake

"Forget" ni ndugu wa karibu: kile kiambishi cha mbele kinageuza kushika kuwa kupoteza. "Beget" utakikuta zaidi kwenye Biblia ya King James ya mwaka 1611, pale Mathayo anapoorodhesha ukoo: "Abraham begat Isaac", ambapo Biblia yetu inasema Ibrahimu alimzaa Isaka. Nao wataalamu wa lugha wanakihusisha "get" na Kilatini "prehendere", yaani kushika, kilichozaa "prison" na "comprehend". Yaani gereza na kuelewa ni watoto wa mzazi mmoja! Kushika kwa mkono kukawa kushika kwa akili, na "I get it" imepita njia hiyo hiyo. Mtu akikuuliza "umenipata?" kwenye simu, anauliza kama umemwelewa.

Hatua ya 5: Panga maana kwa umri

Fungua Oxford English Dictionary. Yenyewe hupanga maana kwa historia, tofauti na kamusi nyingi za wanafunzi zinazotanguliza maana inayotumika sana. Kupata kitu ni maana kongwe. Kuingia katika hali, kama "get angry", ni ya baadaye, na "get arrested" inafuata nyuma yake. Andika namba pembeni mwa sentensi zako kwa mpangilio huo.

Ukikutana na "gotten" usimcheke Mmarekani. Umbo hilo ni la zamani. Uingereza ndiyo iliyoliacha, ingawa "forgotten" bado wanasema. Mmarekani akisema "I've got a car", anamiliki gari. Akisema "I've gotten a car", amelipata.

Hatua ya 6: Jipime kwa sentensi korofi

Mlango umebishwa, mtu anasema "I'll get the door". Kilichofuata ni jina la kitu, lakini hakuna anayejipatia mlango hapo. Kumbuka "geta" ilikuwa pia kufikia: nauendea mlango niufungue. Simu ikilia watasema "I'll get it", na hapo "get it" si kuelewa tena, ni kupokea. Ziandike zote mbili daftarini, kila moja na tukio lake.