Mpira wa Vumbi Usiolingana na Mdomo wa Mashine: Namna Ninavyouunganisha

Inchi 4 iliyoandikwa kwenye mpira wa kufyonzea vumbi na inchi 4 iliyoandikwa kwenye mdomo wa mashine ni vitu viwili, na ugomvi wote unaanzia hapo. Mpira hupimwa ndani. Mdomo wa mashine mara nyingi hupimwa nje, ila wapo watengenezaji wanaopima ndani. Bomba la plastiki la maji taka linaloitwa 110 lina milimita 110 kwa nje, na ndani hubaki 104 au 105 kutegemea unene wa ukuta wake. Ukija kwenye mashine ndogo za mkononi, yaani rauta, jigso na mashine ya msasa, utakuta 27, 32, 35, 38, na kuna mtu aliyeamua mdomo wake uwe na umbo la yai. Ndiyo maana siamini namba ya kwenye boksi. Naamini kalipa, kile kipimio chenye taya mbili.

Kama huna kalipa, chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye mdomo, weka alama ncha zinapokutana, pima urefu huo kwa rula kisha ugawe kwa 3.14. Ukanda ukitoka milimita 314, kipenyo cha nje ni 100. Ukitoka 198, ni 63. Kwa ndani tumia rula, na upime pande tatu tofauti, maana plastiki iliyobanwa na klipu muda mrefu huwa si duara tena. Andika namba nne kabla hujanunua wala kukata chochote: nje na ndani ya mdomo, nje na ndani ya mpira.

Halafu amua nani dume na nani jike. Hewa inatoka kwenye mashine kwenda kwenye kifyonza vumbi, kwa hiyo kipande kilicho karibu na mashine ndicho kiwe dume, kiingie ndani ya kinachofuata. Ukigeuza mpangilio huo, ukingo wa kipande cha pili unaikabili hewa, na kila kinachopita kinajigonga pale. Unga wa msumeno utapita hivyo hivyo. Maranda marefu ya mashine ya kuranda hayapiti: likinasa moja, la pili linashikana nalo, na baada ya mbao chache mpira umeziba kabisa. Skrubu ndefu zinazochomoza ndani ya bomba huleta balaa lile lile, kwa hiyo usikaze viungio kwa skrubu kama huna haja.

Upunguze wapi

Wengi hufunga redyusa, yaani kiungio cha kupunguza kipenyo, palepale kwenye kifyonza, kwa sababu pana nafasi, kisha huvuta mpira mwembamba mpaka kwenye mashine. Hesabu haiwaungi mkono. Ukitoka milimita 100 kwenda 50, njia ya hewa inabaki robo. Ukitoka 100 kwenda 63, inabaki kama asilimia 40. Njia nyembamba ikiwa fupi kama kiganja, hasara inavumilika. Ikiwa mita tatu za mpira wenye mikunjo, kifyonza chako kitapiga kelele tu. Peleka mpira mnene hadi kwenye mashine na upunguze pale pa mwisho kabisa.

Afadhali zaidi, usipunguze. Kwenye misumeno mingi ya meza na ya mkanda, mdomo ni kipande cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu nne kwenye kasha. Kifungue uone nyuma yake. Kama tundu la kasha ni pana kuliko mdomo, kata kibao cha plaiwudi cha ukubwa uleule, kitoboe milimita 100, kifunge mahali pake, na tatizo la vipimo limekwisha. Chomoa plagi kwanza. Si kuzima swichi tu. Chomoa, kwa sababu nyuma ya mdomo ule mara nyingi kuna msumeno au visu, na vidole ndivyo vinavyotangulia kuingia.

Jambo jingine la kujua mapema ni aina ya kifyonza. Kile kikubwa chenye mfuko huvuta hewa nyingi kwa nguvu ndogo; kile kidogo cha kusafishia karakana huvuta hewa kidogo kwa nguvu kubwa. Mashine ya msasa yenye mdomo wa 35 inataka hicho kidogo. Ukilazimika kuifunga kwenye kifyonza kikubwa, acha tawi jingine la bomba wazi kiasi, hewa izidi kuingia. Vumbi la mbao huhitaji kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde ili lisilale ndani ya bomba, na bomba nene linalolishwa na tundu la milimita 35 peke yake haliwezi kufikia kasi hiyo.

Pengo dogo

Pengo la milimita mbili hivi kila upande, au chini ya hapo, ni kazi ya tepu. Zungusha tepu ya umeme au ya alumini kwenye dume hadi likaze. Angalia upande: izungushe kuelekea kule utakakozungushia mpira unapouvalisha, la sivyo mpira utaibandua ncha na kuikunja ndani. Mdomo wa 100 unaoingia kwenye bomba la 110 ni wa kundi hili, maana pengo ni milimita mbili hivi kila upande.

Tatizo likiwa kinyume, yaani mpira unakataa kuvaa kwa milimita moja, chovya ncha yake kwenye maji ya moto kwa dakika moja. Kisha sukuma huku unazungusha kuelekea upande unaoufungua mzunguko wa waya uliojiviringisha kwenye ukuta wa mpira, si unaoukaza. Ukikosea upande, mpira unazidi kubana kadiri unavyotumia nguvu.

Pengo la milimita tatu hadi kumi halitaki tepu; rundo la tepu litateleza siku ya joto. Hapo nenda kwa mafundi bomba. Wana kiungio cha raba chenye klipu mbili, kila upande unakazwa peke yake, na raba inakubali vipenyo viwili tofauti bila ubishi. Kwa mashine ndogo, tyubu ya baiskeli inatosha. Kata kipande cha sentimita kumi, kivalishe pande zote mbili. Sharti ni kwamba ndani ya tyubu ncha ya mdomo na ncha ya mpira zikaribie kugusana. Ukiacha nafasi kati yao, mvuto utaifyonza tyubu ndani, na itajifunga kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa.

Vipo pia viungio vya plastiki vya ngazi ngazi, vinavyouzwa kama dawa ya kila mdomo. Sivikatai. Ila watu huvifunga vizima, wakatumia ngazi pana na kuacha ile nyembamba ikining'inia mbele, ikiinyonga hewa bila sababu. Kata kwa msumeno kila ngazi usiyoitumia.

Bomba la PVC linaweza kutanuliwa kwa joto, kwa mfano ukitaka ncha ya bomba la 50 ivae juu ya mdomo wa 48. Kereza kigogo cha mti chenye kipenyo unachokitaka, mbele kikiwa chembamba kidogo. Pasha ncha ya bomba kwa kipuliza hewa moto huku unaizungusha mpaka ilegee, isukume kwenye kigogo, subiri ipoe. PVC hulegea kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo huhitaji kuibabua. Ikiungua hutoa gesi inayochoma pua na mapafu. Fanyia nje, na usitumie mdomo wa mashine wenyewe kama kigogo. Nao ni plastiki.

Kiungio cha plaiwudi

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ni kazi ya seremala hasa. Tuseme mdomo wa mashine una milimita 60 nje, na mpira una 100 ndani. Chukua plaiwudi ya milimita 18, chora duara nne za 100 kwa bikari. Toboa matundu ya katikati kwanza, kabla hujakata duara za nje, kwa sababu ubao mkubwa unashikika na duara dogo litakuzunguka mkononi. Duara mbili zitoboe 60, ya tatu 70, ya nne 85. Sasa kata nje kwa jigso, ukiacha mstari uonekane.

Zibandike kwa gundi kwa mpangilio huo, nyembamba hadi pana, uzibane mpaka zikauke. Duara mbili za kwanza zinakupa milimita 36 za kushika mdomo wa mashine. Kuanzia hapo ndani kuna ngazi mbili. Ziondoe kwa tupa la mbao na msasa mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi, kihisi mteremko tu. Nje piga msasa mpaka mpira uingie kwa kusukuma. Paka vanishi ndani mara mbili. Maranda yanateleza vizuri kwenye vanishi kuliko kwenye nyuzi za plaiwudi. Utaona kwamba mdomo umeingia ndani ya kiungio, na kiungio kimeingia ndani ya mpira, kwa hiyo dume na jike wamekaa sawasawa.

Mdomo wa umbo la yai au wa mstatili unafuata njia ileile, ila tundu la mwanzo lichonge kwa patasi, kubwa kidogo kuliko mdomo. Kisha funga mdomo kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula, paka silikoni ndani ya tundu, ingiza mdomo, acha hadi kesho. Ukichomoa, plastiki inabanduka, na silikoni imebaki na sura kamili ya mdomo. Kitaingia na kutoka kila siku bila kuvuja.

Kufunga na kukagua

Klipu ya kawaida ikipita juu ya waya wa mpira huacha upenyo pembeni mwa waya. Tafuta ile yenye kidaraja kinachouruka waya, au pitisha silikoni kidogo pale. Upande wa mashine usigundishe kamwe. Siku ikiziba utataka kuufungua. Waya wa mpira uchune sentimita chache kila ncha, uuguse kwenye chuma cha mashine iliyo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na zile cheche za umeme tuli zinazokuchapa mkononi zitapungua.

Washa kifyonza peke yake, mashine ikiwa imezimwa. Pitisha ukanda wa karatasi ya chooni kuzunguka kila kiungio. Unapovutwa, pana uvujaji. Situmii moshi wala kiberiti karibu na unga wa mbao. Uvujaji mdogo hauzuii maranda, ila unaipora hewa inayotakiwa kubeba lile vumbi laini lisiloonekana, na hilo ndilo la kuogopa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 1995. Kwa hiyo barakoa inabaki usoni hata viungio vikiwa safi.

Mwisho, chukua kalamu ya wino mzito na uandike juu ya kila kiungio jina la mashine na namba zake mbili, "randa, 60 ndani, 100 nje", kabla hakijapata nafasi ya kupotelea kwenye boksi la viungio vingine vinavyofanana nacho.