Mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kusafisha nyumba za watu kwa hela

Kila wiki lazima kuna mtu ananifuata inboksi, dada nataka nianze biashara ya usafi wa majumbani hapa Dar, mtaji shingapi? Sasa mtaji wa kuanzia hii kazi hata mtu wa kupanga chumba kimoja Mabibo anaweza kuupata, ndoo na matambara sio kitu. Kinachotufilisi ni bei, yaani tunataja bei halafu ndo tunaenda kuiona kazi. Nimeshalia machozi kwa sababu hiyo na nitakuelezea huko chini, lakini tuanze na mambo mepesi.

Vifaa nenda Kariakoo, usinunue supamaketi. Sabuni ya maji chukua dumu la lita 20, mopa mbili, mifagio ya laini na ya ngumu, brashi za mkono, mpira wa kusukumia maji, mpira wa vioo, glavu, buti, maski, na matambara mengi kuliko unavyodhani. Matambara ya chooni yawe rangi moja na ya jikoni rangi nyingine, mteja akiona umefutia jiko tambara ulilotoka nalo chooni umeshaaga hapo, na mimi nitakuwa upande wake.

Mashine usinunue kwanza. Ya kunyonya vumbi, ya makochi, ya presha, zote zinakodishwa kwa siku, kodi mpaka uone kwa mwezi umeikodi mara nyingi kiasi kwamba hela yake inakuuma. Na tafadhali usiende kuchukua mkopo wa kausha damu ukanunue mashine. Kama mna kikundi chenu nendeni halmashauri mkaulizie ile mikopo ya asilimia 10, yaani asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba. Ina mzunguko wake na vikao, ila haiji kukubebea tv sebuleni.

Karatasi: sajili jina BRELA, chukua TIN ya TRA, halafu leseni ya biashara manispaa. Utasema mbona fulani anafanya bila karatasi, sawa, anafanya nyumba za shoga zake. Siku umepata ofisi au mwenye apatimenti zake kumi ataomba kotesheni (karatasi ya bei) na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na akikulipa atakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye huduma, kwahiyo kama bei yako ulikuwa umeibana mpaka mwisho hiyo asilimia 5 inatoka kwenye ugali wako. Ipigie hesabu mapema.

Wafanyakazi: namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa, mdhamini unayemjua anapokaa. Sio kwamba tunawaona wezi hawa wadogo zetu, ila siku hereni ya mama mwenye nyumba imepotea (na mara nyingi inakuja kuonekana nyuma ya kitanda) wewe ndo utasimama pale sebuleni unajieleza. Kwahiyo kabla ya kugusa kitu mwambie mwenyeji, mama naomba hela, dhahabu na simu zote uziweke kwako, halafu piga picha kila chumba na chochote kilichokwishavunjika kabla yenu, kioo chenye ufa, droo iliyong'oka, mtumie hapohapo WhatsApp. Hachukii mtu, na akichukia umeshajua ni mteja wa namna gani.

Halafu jiulize unamsafishia nani. Hapa kwetu nyumba nyingi za mtu mwenye hela kidogo kuna dada wa kazi, kwahiyo ukienda kumwambia mama wa Mikocheni utamfagilia na kudeki kila siku atakushangaa, dada yupo. Hela ipo kwenye kazi ambazo dada haziwezi au hana muda nazo: usafi mkubwa wa mwisho wa mwaka, mtu anahama au anahamia, makochi na mazulia, vioo vya juu, nyumba imetoka kwa fundi, na hizi apatimenti za wageni wa siku mbili tatu kule Masaki na Mikocheni ambapo mgeni akitoka saa nne mwingine anaingia saa nane. Hizo za wageni toza kwa kila mgeni anapotoka, na mashuka hesabu pembeni, wengi wanasahau mashuka wanajikuta wamekuwa dobi wa bure.

Sasa bei. Watu wanauliza "chumba kimoja unatoza ngapi" kama vile tunauza maandazi. Chumba cha kulala hakina kazi, nusu saa mtu ametoka, kazi ipo kwenye vyoo na jiko. Jiko lenye mafuta ya mwaka mzima juu ya makabati linakula masaa mawili ya mtu mwenye nguvu zake. Kwahiyo mteja akikwambia vyumba vitatu wewe uliza vyoo vingapi, maana kuna nyumba ya vyumba vitatu yenye choo kimoja na kuna nyingine kila chumba ni masta na choo cha wageni juu, hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Hesabu yangu mimi iko hivi, chukua nyumba ya vyumba vitatu na vyoo viwili Tabata, mpangaji ameshahamisha vitu. Wafanyakazi wawili elfu 20 kila mmoja, hiyo 40,000. Bajaji kwenda na kurudi na ndoo zetu 16,000. Chakula na maji ya kunywa watu watatu 9,000. Sabuni na dawa 12,000. Uchakavu wa vifaa 5,000, hii usiiruke, mopa haidumu na hakuna atakayekununulia nyingine. Vocha na makato ya simu 3,000. Jumla 85,000 na hapo mimi niliyekuwepo kutwa nzima nimeinama sijajilipa. Najiwekea 25,000 ya mkono wangu, inakuwa 110,000, halafu faida ya biashara 25,000, bei ni 135,000. Mkono wangu na faida ni vitu viwili, huu mshahara ni wa kwangu na ile faida ni ya biashara, ndo inanunua mopa ya pili na ndo inalipia siku ambayo mteja anakwambia "kesho" halafu hapokei simu. Ukitaja laki moja kwa sababu kuna mtu Instagram anafanya laki, utarudi nyumbani na elfu 15 na mgongo unauma. Weka hizi namba za mtaa wako, nauli yako, sio zangu.

Mteja akisema punguza, punguza kazi. Sawa mama, kwa laki na ishirini tunafanya ndani, madirisha ya nje tunaacha. Wengi wanarudi kwenye bei ile ya kwanza. Mteja wa kila wiki mpunguzie kweli, kwa sababu nyumba ya kila wiki uchafu wake ni mdogo, mtamaliza mapema.

Haya. Ile ya machozi.

Baba mmoja alinipigia, anaongea vizuri, ana nyumba Goba, mpya, mafundi wametoka, anataka kuhamia Jumamosi. "Dada ni vumbi tu." Vyumba vinne. Nikamwambia nitumie picha, akatuma nne, zinang'aa, taa ya flashi. Nami nilikuwa kwenye daladala, nimebanwa, nina hamu ya kazi kubwa, nikamwambia laki na themanini. Akajibu sawa hapohapo bila hata kuomba kupunguziwa, na siku hizi mteja akikubali haraka vile huwa najiuliza mara mbili, siku ile nilifurahi.

Tumefika watu wanne na mimi wa tano. Vyumba vinne ni kweli, ila ghorofa, vyoo vitano, ngazi, balkoni mbili. Taizi zote zina saruji iliyokaukia, rangi imedondoka mpaka kwenye soketi, madirisha ya aluminiamu yana stika na gundi na kwenye reli zake mchanga wa kujenga kibanda. Nafungua bomba, kimya. Simtank ipo juu pale nzuri kabisa, haina tone, maji ya DAWASA hayajaunganishwa. Umeme nao bado, kwahiyo saa kumi na mbili jioni giza, kazi imeisha. Nikampigia akasema "kwani hukuuliza?" na hapo alikuwa sahihi, sikuuliza.

Boza la maji elfu 50 ya kwangu. Kazi niliyodhani ya siku moja ikala tatu. Hebu piga, watu wanne kwa elfu 20 siku tatu ni 240,000, bei niliyotaja mwenyewe kwa mdomo wangu 180,000. Usafiri 48,000, chakula 36,000. Yaani ni 374,000 imetoka na bado sijajihesabu.

Ingeishia hapo ningesema nimelipa ada ya shule. Siku ya pili jioni nilivyoona hasara inakuja nikaanza kuwakimbiza vijana, haraka haraka, na mmoja aliyewahi kuwa saidia fundi akasema dada saruji hii inatolewa na asidi, hadiwea pale wanauza kwenye chupa ya soda, dakika tano tu. Nikampa hela. Kwenye taizi za sebuleni kweli ilitoa. Kesho yake asubuhi akaenda nayo kwenye ngazi. Zile ngazi hazikuwa taizi, zilikuwa marumaru ya jiwe lenyewe, na jiwe lile ni jamii moja na chokaa, asidi inalila. Alipomwaga ikachemka povu jeupe, sisi tunafurahi uchafu unatoka, kumbe linalotoka ni jiwe. Zilivyokauka ngazi zote zimefifia, nyeupe kama zimepakwa chaki, ukipitisha mkono zinakwaruza. Na mvuke wa ile asidi ulishaanza kutia madoa kwenye chuma cha kushikia mkono.

Yule baba alikuja akaziangalia muda mrefu, hakupiga kelele, bora angepiga. Akanilipa laki na themanini yangu yote, akasema, "Dada makubaliano yetu hayo, na ngazi zangu nazitaka kama zilivyokuwa." Fundi wa kupolishi mawe akanitoza 350,000, nikakopa kikoba. Jumla imenitoka 724,000 kwa kazi ya 180,000, toa hiyo unabaki na hasara ya 544,000, na vijana wangu hawajui mpaka leo kwanini mwezi ule sikuwaita tena kazini.

Kijana sikumlaumu. Ningetaja bei ya siku tatu wala nisingekuwa na haraka ya kutafuta asidi, tungekaa pale na maji, brashi na kisu cha kukwangulia rangi mpaka imalizike.

Kwahiyo sasa hivi hata uwe waziri sikwambii bei kwenye simu. Nakwambia naomba nije nione, nauli yangu ya kuja kuona ni elfu 10, tukikubaliana naitoa kwenye bei. Anayekataa elfu 10 ya kuja kuona alikuwa ananitafutia Goba nyingine. Nikifika nafungua mabomba yote, nawasha taa nione LUKU ina kitu, nahesabu vyoo, napanda juu, nafungua oveni, nachungulia reli za madirisha, nauliza sakafu ni nini. Marumaru ya jiwe na terazo hazipigwi asidi, hazipigwi siki wala limao wala ile dawa ya kuondolea kutu chooni, maji na sabuni laini basi. Kama hujui jiwe ni la aina gani jaribu tone moja la dawa yako kwenye kona iliyojificha. Nyumba iliyotoka kwa fundi haina bei moja na nyumba ya kawaida, mimi sishuki chini ya mara mbili ya bei ya kawaida, na naandika kwenye meseji: maji na umeme ni juu ya mwenye nyumba, takataka za ujenzi anatoa yeye, kazi ikiongezeka tunaongea upya. Nusu ya hela kabla ya kuingia, inayobaki siku ya kukabidhi, tunazunguka naye chumba kwa chumba kabla sijafunga ndoo.

Dawa nyingine za kuogopa: Jik usichanganye na dawa ya choo yenye asidi hata kidogo, inatoa gesi ya klorini, kwenye choo kidogo kisicho na dirisha mtu anaanguka. Wala Jik na dawa yenye amonia. Waambie vijana wako kabla hujawapa chupa, na usiwahamishie dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Mengine utayaonea humohumo. Ghorofani usimruhusu mtu kusimama nje ya dirisha kufuta kioo, kama mpini haufiki kisifutwe. Mtoto wa mwenye nyumba asipite pite sakafu imelowa. Funguo za mteja usizining'inize na kadi ya jina lake. Soketi tambara kavu tu. Apatimenti uliza lifti inafanya kazi au mtabeba ndoo mpaka gorofa ya saba, na mlinzi wa getini mpe jina lako tangu jana yake maana mtasimama juani saa nzima. Na ukigonga geti lolote, kabla hujaingiza mguu, uliza mbwa kafungwa, na usimwamini anayejibu "huyu hana neno".