Ukiambiwa "ni hali yake tu" usirudi nyumbani

Kijana wangu ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo na haongei. Mwaka jana alilia usiku tatu mfululizo, tukapanda tuktuk kutoka Nyalenda hadi hospitali moja hapa Kisumu, daktari akamwangalia kutoka kwa kiti chake akasema mama, watoto kama hawa hulia, ni hali yake tu. Tukapewa panado. Siku ya nne usaha ukatoka kwa sikio.

Sasa hivi ndivyo mimi hufanya. Kabla sijatoka nyumba namrekodi na simu, video mbili, moja akiwa sawa anacheka na uji wake, ingine akiwa vile yuko leo, juu daktari hamjui mtoto wako, akiona amekaza shingo anafikiria ndivyo yeye huwa siku zote. Kwa karatasi naandika alienda choo lini mwisho, kifafa kimemshika mara ngapi, na dawa anameza. Kitabu cha kliniki nabeba hata kama kimeraruka.

Ukiingia anza na kile kimebadilika. "Daktari, tangu Jumatatu amekataa uji na analia nikimlaza upande wa kushoto." Ukianza na ulemavu, macho yote yanaenda huko na hayarudi. Halafu omba aangaliwe masikio, koo, meno, tumbo na nyonga, na kama ana joto mkojo upimwe. Kukosa choo peke yake inaweza kuliza hawa watoto usiku mzima, nyonga nayo hutoka mahali pake polepole na inauma, na meno ndio usiseme, karibu hakuna mtu hujisumbua kufungua huo mdomo.

Akirudia ile maneno, muulize pole pole: mtoto asiye na hii hali akija na hizi dalili ungempima nini? Mimi nimeona daktari mmoja akinyamaza, akaenda kutafuta kile kitochi cha masikio.

Ikishindikana omba barua ya rufaa ya kwenda Jaramogi, ile hospitali kubwa ya rufaa hapa Kisumu, wengi wetu bado tunaita Russia. Kabla ya hiyo siku hakikisha umeshaandikisha mtoto kwa SHA yako, hiyo bima mpya ya afya ya serikali, ile ya zamani ya NHIF iliisha Oktoba 2024 na kuna wazazi bado wanafika dirishani na kadi ya zamani. Dawa ya kifafa usimkatize eti ni mgonjwa, na akiitapika mwambie daktari.

Beba nepi za kutosha na chakula chake, foleni ya Jumatatu ni ya kutwa.